Kalipa ya Breki Ikikwama: Dalili, Vyanzo, na Mahali pa Kuacha Kazi

Ukishuka kwenye gari ukakuta tairi moja linanuka kama kitu kilichoungua na mengine yako shwari, karibu kila mtu atakwambia: "Kalipa imekufa, nunua nyingine." Kalipa ni kile kifaa kinachobana brekipedi (vibao vya msuguano) kwenye diski ya chuma inayozunguka na gurudumu. Wakati mwingine ushauri huo ni kweli. Lakini katika kalipa nilizofungua mwenyewe, zilizokufa kabisa ni chache kuliko zilizozuiwa na kitu kidogo: pini iliyokauka grisi, brekipedi iliyobanwa na kutu kwenye breketi (fremu inayoishikilia kalipa), au mpira wa breki ulioziba kwa ndani.

Niliwahi kubadilisha kalipa ya mbele kushoto ya gari langu, nikatoa upepo (hewa) kwenye mafuta ya breki, nikafunga kila kitu vizuri. Siku ya tatu harufu ikarudi. Kosa lilikuwa kwenye mpira unaopeleka mafuta kwenye kalipa. Nilipoupasua kwa kisu kwa urefu, nje ulikuwa mzima, hauna hata ufa. Ndani kipande cha raba kilikuwa kimebanduka na kulala kama ulimi ndani ya tundu. Mafuta yakisukumwa kwa mguu yalipita, yakitaka kurudi ulimi ule uliziba njia. Kalipa niliyoitoa haikuwa na ubaya wowote. Tangu siku hiyo sinunui kipuri cha breki kabla ya kupima, na ndiyo maana nimeuandika mwongozo huu kwa kufuata dalili, nikianza na vyanzo vinavyotokea mara nyingi.

Kalipa inavyofanya kazi

Kalipa nyingi za magari madogo ni za kuelea. Pistoni iko upande wa ndani tu. Ukikanyaga breki, mafuta yanaisukuma pistoni, pistoni inaibana brekipedi ya ndani kwenye diski, kisha mwili mzima wa kalipa unateleza juu ya pini mbili na kuivuta brekipedi ya nje nayo ibane. Kwa hiyo kuna vitu vitatu vinavyopaswa kutembea kwa uhuru: pistoni ndani ya silinda yake, kalipa juu ya pini, na masikio ya brekipedi ndani ya breketi. Kimojawapo kikigoma, breki inashika au haifanyi kazi ipasavyo.

Kinachoirudisha pistoni ukiachia pedeli si springi. Ni sili, yaani pete ya raba yenye kata ya mraba inayozuia mafuta yasivuje, iliyomo ndani ya mfereji wa silinda. Pistoni inapotoka, sili inajipinda nayo. Shinikizo likiisha, sili inajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kwa sehemu ndogo ya milimita. Umbali huo mdogo ndio unaoliacha gurudumu lizunguke. Ndiyo sababu kutu kidogo sana kwenye pistoni inatosha kuleta matatizo yote haya.

Jambo moja kuhusu jina. Tunayaita mafuta ya breki, na jina hilo limewaponza wengi. Si mafuta ya petroli hata kidogo. Ukimimina mafuta ya injini, ya usukani au ya hidroliki kwenye mkebe wa breki, hata kidogo, raba zote za mfumo zitavimba: za master silinda (pampu inayosukuma mafuta ukikanyaga pedeli), za kalipa, mipira yenyewe. Hapo gharama si ya kalipa moja tena. Vivyo hivyo usioshe sili kwa petroli au dizeli, na usipake grisi ya kawaida mahali penye raba ya breki.

Kabla ya kunyanyua gari

Sakafu iwe ngumu na iliyo sawa. Weka kabari kwenye magurudumu yanayobaki chini. Legeza nati za gurudumu kidogo gari likiwa bado chini, nyanyua kwa jeki, kisha liweke kwenye stendi za chuma. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia. Usiingize hata mkono chini ya gari lililosimama kwenye jeki pekee, na matofali yasitumike badala ya stendi, kwa kuwa hupasuka bila kutoa ishara.

Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Brekipedi za zamani huenda zikawa na asbesto. Lilowanishe, ulifute kwa kitambaa, kisha kitupe kitambaa hicho. Sprei za kusafishia breki zenye klorini hutoa gesi ya fosjini zikikutana na moto au chuma chenye joto kali, na gesi hiyo huua. Soma kopo, acha kila kitu kikauke kabisa, na usifanye kazi ya moto karibu.

Mafuta ya breki hubandua rangi ya gari na huumiza macho. Vaa miwani na glavu, weka maji karibu. Yakimwagikia bodi, osha kwa maji papo hapo.

Dalili ya kwanza: gurudumu moja linapata moto au halizunguki kwa uhuru

Hii ndiyo inayolalamikiwa zaidi, na ndiyo nitakayokaa nayo muda mrefu.

Thibitisha kwanza. Endesha kilomita chache kwenye barabara tulivu ukikanyaga breki kidogo iwezekanavyo, kisha simama. Usiguse diski wala rimu. Sogeza kiganja karibu tu, au tumia kipimajoto cha miale ukiwa nacho. Linganisha kushoto na kulia kwa magurudumu ya ekseli moja. Usilinganishe mbele na nyuma, kwa kuwa breki za mbele hufanya kazi kubwa zaidi na joto lake huwa juu siku zote. Ukikuta tofauti ya wazi kati ya kushoto na kulia, umepata mahali pa kuanzia. Usimwagie diski ya moto maji ili ipoe. Inaweza kupinda au kupasuka.

Gari likiwa limepoa na limenyanyuliwa, gia iko huru na handbreki imeachiwa, zungusha gurudumu kwa mkono. Mkwaruzo mwepesi wa brekipedi ni wa kawaida. Kama unalazimika kutumia mikono yote miwili, breki inashika. Mwambie mtu akanyage breki mara tatu au nne aachie, kisha zungusha tena papo hapo. Gurudumu lililokuwa huru likishika baada ya hapo na kuachia lenyewe baada ya dakika kadhaa, shuku mpira wa breki au pistoni.

Sasa kipimo ambacho kingeniokoa na kile kilichonipata. Gurudumu likiwa linashika, chomeka mpira mwembamba kwenye nipeli ya kutolea upepo (skrubu ndogo yenye tundu iliyo kwenye kalipa), ncha ya pili iingie kwenye chupa yenye mafuta ya breki kidogo, kisha fungua nipeli kwa robo mzunguko.

Mafuta yakiruka na gurudumu likawa huru mara moja, kalipa yako inafanya kazi. Kulikuwa na shinikizo lililofungiwa, na aliyelifungia yuko juu zaidi. Funga nipeli, kanyaga breki tena hadi gurudumu lishike, halafu legeza kidogo kiungo ambapo bomba la chuma linaungana na mpira. Likiachia hapo, mpira ni mzima na kosa liko juu: master silinda, busta (kifaa kinachouongezea mguu nguvu), au boksi la ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge). Lisipoachia hapo lakini likaachia ukifungua nipeli, mpira ndio mbovu. Badilisha wa kushoto na wa kulia pamoja, kwa kuwa umri wake ni mmoja.

Usipoona mabadiliko yoyote baada ya kufungua nipeli, tatizo ni la chuma kushikana na chuma pale pale kwenye kalipa. Vyanzo vyake, kwa wingi wa kutokea:

Brekipedi zimebanwa kwenye breketi. Kutu huota chini ya vile vibati vyembamba vya chuma kisichoshika kutu, huvinyanyua, na nafasi ya sikio la brekipedi inakuwa finyu. Ukitoa kalipa ukalazimika kupiga brekipedi kwa nyundo ndipo itoke, umeshapata jibu. Toa vibati, safisha breketi kwa brashi ya waya na tupa (chombo cha kukwangulia chuma) hadi uone chuma kitupu, rudisha vibati vipya. Brekipedi iingie kwa kusukumwa na kidole. Isipoingia, usiichonge kwanza. Rudi kwenye breketi, kutu bado ipo.

Pini zimekauka au zimeshika kutu. Mara nyingi ni moja tu, ile ambayo raba yake imechanika na kuingiza maji.

Pistoni imeshika kutu. Raba ya vumbi ikichanika, maji na chumvi hukaa pale pale pistoni inapotokezea, na chromu yake huanza kufura na kubanduka.

Kwenye magurudumu ya nyuma ongeza handbreki, ambayo nina sehemu yake hapa chini.

Magurudumu yote manne yakishika kwa pamoja, au yote mawili ya mbele, acha kalipa kabisa. Kalipa nne hazikwami siku moja. Angalia kama pedeli inarudi hadi juu na ina mchezo mdogo kabla ya kuanza kusukuma. Zaidi ya hapo ni kazi ya fundi wa breki.

Dalili ya pili: gari linavuta upande

Hapa watu wengi hufungua upande usio sahihi. Likivuta unapokanyaga breki, linaelekea upande ambao breki inafanya kazi. Gari likivutia kulia, anza kukagua kushoto, maana huenda kalipa ya kushoto haibani. Lakini likivutia kulia hata usipokanyaga breki, upande wa kulia ndio unaoshika.

Kabla ya yote pima upepo wa matairi, kwa kuwa tairi moja lenye upepo mdogo huleta dalili ileile. Kisha angalia kama kuna brekipedi iliyolowa grisi au mafuta. Ikilowa haisafishiki, ibadilishwe pamoja na mwenzake wa upande wa pili. Baada ya hapo ndipo uende kwenye pini na pistoni. Kama usukani una mchezo au gari linayumba hata kwenye mwendo wa taratibu, huenda si breki, ni bushi au bolijointi. Mpe fundi.

Dalili ya tatu: brekipedi zimeliwa bila usawa

Brekipedi zilizochakaa hueleza mengi. Zitoe zote nne za ekseli, zipange chini kwa mpangilio wa zilivyokuwa, uzitazame.

Ya ndani imebaki bati, ya nje bado nene: ama pini hazitelezi na kazi yote inafanywa na ile inayosukumwa na pistoni, ama pistoni hairudi. Kutofautisha ni rahisi. Kalipa ikiwa bado kwenye pini na brekipedi zimetolewa, isukume na kuivuta kwa mkono. Ikiteleza kwa ulaini, pini hazina kosa, tazama pistoni.

Ya nje imeliwa zaidi: kalipa ilivutwa ikaja, haikurudi. Pini.

Imeliwa kishazari, ncha moja nyembamba nyingine nene: pini moja imekwama na nyingine inatembea, au sikio moja la brekipedi limebanwa.

Zote mbili za upande mmoja wa gari zimekwisha na za upande wa pili bado: rudi kwenye kipimo cha nipeli.

Ukiwa hapo, kagua diski. Unene wa chini unaoruhusiwa mara nyingi umechongwa kwenye diski yenyewe. Diski iliyofika chini ya hapo, iliyopasuka, au iliyogeuka bluu na kutetemesha pedeli haifai kurudishwa, hata kalipa ikiwa mpya.

Dalili ya nne: handbreki hairudi, au magurudumu ya nyuma yanashika

Kama kalipa ya nyuma ina mkono wa handbreki wa waya, achia handbreki na utazame mkono huo. Unapaswa kurudi hadi uguse kituo chake. Usiporudi, chomoa waya. Mkono ukirudi baada ya waya kuchomolewa, waya umeshika kutu ndani ya ala yake: badilisha waya. Hiki ndicho chanzo cha kawaida zaidi. Usiporudi hata bila waya, shafti iliyo ndani ya kalipa ndiyo iliyokwama. Dawa ya kulegeza kutu inaweza kuifungua kwa muda, lakini maji yameshaingia kwenye raba ya shafti na itakwama tena. Hiyo ni kalipa ya kubadilisha.

Pistoni ya kalipa za aina hii hairudishwi kwa kubanwa na klampu. Inarudi kwa kuzungushwa huku ikisukumwa, kwa kifaa chake maalumu. Nyingi huzunguka kufuata saa, na kwenye baadhi ya magari za upande mmoja huzunguka kinyume. Ukiibana kwa nguvu unavunja utaratibu wa ndani unaojirekebisha.

Kama handbreki yako ni ya umeme, ya kubonyeza kitufe, usisukume pistoni wala usichomoe soketi kwa kubahatisha. Mota inapaswa kurudishwa kwanza kwa utaratibu wa matengenezo, na kwa magari mengi utaratibu huo unahitaji kompyuta ya kupimia. Mota hiyo ina nguvu ya kuponda kidole. Kama huna njia sahihi, ishia hapa.

Kurekebisha pini

Hii ndiyo kazi ya nyumbani hasa. Fungua bolti za kalipa na uining'inize kwa waya kwenye springi ya gari. Kalipa isining'inie kwa mpira wake kamwe. Uzito huo huupasua kwa ndani, na utajitengenezea lile tatizo nililolieleza mwanzo.

Chomoa pini moja moja, na ukumbuke ipi ilitoka wapi. Magari mengi yana pini moja iliyonyooka na nyingine yenye kipande cha raba au kata mwishoni; zikibadilishana nafasi, kalipa itabana vibaya. Pini iliyogoma isipigwe nyundo. Nyunyiza dawa ya kulegeza kutu, isubiri, izungushe kushoto na kulia kwa spana kidogo kidogo kabla ya kuivuta. Pini nzima hutoka na mlio mdogo wa kunyonya na ina ute safi. Iliyoharibika hutoka na unga wa kahawia, na ukiipitishia kucha unasikia vishimo. Yenye vishimo inunuliwe mpya. Yenye doa tu inasafishwa kwa msasa laini hadi iwe nyororo.

Tundu la pini watu hulisahau. Lisafishe kwa brashi nyembamba na kitambaa hadi kitambaa kitoke cheupe. Badilisha raba zake. Paka grisi ya silikoni au iliyoandikwa kuwa ni ya pini za kalipa, tabaka jembamba. Ukijaza tundu, hewa haina pa kwenda, na pini ukiisukuma inarudi yenyewe kama springi. Hilo peke yake linatosha kufanya breki ishike.

Kurekebisha pistoni

Hapa fanya uamuzi wa kweli kabla ya kuanza. Kama hujawahi kutoa upepo kwenye breki, au kalipa mpya inapatikana kwa bei isiyotisha, badilisha kalipa nzima. Siioni kuwa kushindwa. Kufungua pistoni kunafaa kalipa ambazo hazipatikani, au mtu mwenye subira na mahali safi pa kufanyia kazi.

Njia salama zaidi ya kuitoa pistoni iliyogoma ni mafuta ya breki yenyewe, kalipa ikiwa bado imeungwa na mpira wake. Weka kipande cha mbao ndani ya kalipa ili pistoni isiruke, msaidizi akanyage pedeli taratibu, nawe uitazame inavyotoka. Ikishafika karibu na mwisho, simamisha, fungua mpira, malizia kwa mkono juu ya beseni. Kompresa naiogopa. Pistoni ikiachia ghafla chini ya hewa hutoka kama risasi, na vidole vilivyotangulia kuishika havibaki salama. Kama pedeli imeshindwa kuitoa, kalipa hiyo haina wokovu. Na usiipashe moto: mafuta yaliyofungiwa ndani huchemka na kulipuka, na sili zinaungua.

Ikitoka, ifute na uitazame kwenye mwanga. Uso unaoziba mafuta ni ubavu wa pistoni, kwa kuwa sili imekaa kwenye silinda na kujisugua juu ya pistoni. Chromu iliyobanduka au kishimo chochote sehemu hiyo maana yake ni pistoni mpya. Kusugua kwa msasa ili kishimo kisionekane kunaondoa kinga iliyobaki, na kutu itarudi haraka.

Kisha mfereji wa sili. Ng'oa sili kwa kijiti cha mbao au plastiki, kwa kuwa bisibisi ikikwaruza mfereji, kalipa itavuja. Chini ya sili, hasa kwenye kalipa za alumini, utakuta unga mweupe mgumu. Unga huo ndio unaoisukuma sili ibane pistoni kupita kiasi. Nimeona pistoni safi kabisa iliyokuwa haitembei kwa sababu ya unga huo pekee. Ukwangue kwa subira, safisha kwa spiriti au mafuta mapya ya breki, weka sili mpya iliyopakwa mafuta ya breki, na usukume pistoni ikiwa imenyooka. Inapaswa kuingia kwa nguvu ya vidole gumba. Ikigoma, imekaa upande. Itoe uanze upya, usiipige. Kalipa zenye pistoni pande zote mbili zisipasuliwe katikati. Zile bolti zinazounganisha nusu mbili ni za kiwandani.

Nipeli inayokataa kufunguka

Nipeli ina tundu katikati, kwa hiyo hukatika kirahisi kuliko bolti. Tumia soketi ya pande sita inayokaa barabara, si spana ya mdomo wazi. Nyunyiza dawa usiku uliotangulia. Gonga kichwa chake kidogo ili kutu iachie, kisha jaribu kukaza kwa kiasi kidogo sana kabla ya kulegeza. Ukihisi inapinda kama kitu laini badala ya kuachia, simama hapo hapo. Ikikatika, kuitoa kunahitaji kuitoboa, na kwa watu wengi kalipa mpya ni nafuu kuliko jaribio hilo.

Dalili ya tano: baada ya kazi, pedeli ni laini au inazama

Pedeli laini inayopanda ukiipampu ina upepo. Kabla ya kurudia kutoa upepo mara ya tano, tazama nipeli iko wapi. Inapaswa kuwa juu ya kalipa. Ikiwa chini, umefunga kalipa ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Upepo hukaa juu, nipeli iko chini, na hautatoka hata ukanyage kutwa nzima. Kosa hili ni la kawaida mno kwa waliobadilisha zote mbili kwa mkupuo.

Kutoa upepo kwenyewe: msaidizi anakanyaga na kushikilia, wewe unafungua, unafunga, ndipo yeye anaachia. Akiachia kabla hujafunga, hewa inarudi ndani. Tazama mkebe kila baada ya mikanyago michache. Ukikauka umeingiza hewa kwenye mfumo wote, na kwenye magari yenye ABS huenda isitoke bila kompyuta.

Tumia mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha mkebe, kutoka kwenye kopo jipya. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za jamii moja na hunyonya unyevu wa hewa. DOT 5 ni silikoni na haichanganywi nazo. Unyevu huo ndio mzizi wa kutu ya ndani. DOT 4 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango chake cha chini hushuka hadi 155. Watengenezaji wengi wanashauri kuyabadilisha kila baada ya miaka 2, na hakuna linalozuia kalipa kukwama kwa gharama ndogo kuliko hilo.

Pedeli inayozama polepole ukiishikilia kwa nusu dakika, injini ikiwaka, ni uvujaji au master silinda. Kagua kila kiungo ulichogusa. Washa (pete bapa) za shaba za kiungo cha mpira hazirudiwi, weka mpya. Ukikuta kila mahali pakavu na bado inazama, gari lisitoke. Mwite fundi aje, au livutwe.

Usiendelee mwenyewe

Kuna hali ambazo sijadiliani nazo: bomba la chuma la breki lililoliwa na kutu, uzi wa bolti ulioharibika kwenye breketi au kalipa, taa ya ABS iliyowaka baada ya kazi, mafuta ya aina isiyo sahihi yaliyoingia kwenye mkebe, na breketi iliyopasuka. Vilevile kama huna toki renchi (spana inayopima mkazo) na kipimo cha mkazo wa bolti za gari lako. Bolti ya breketi iliyokazwa kwa makisio ikitoka barabarani, kalipa inagonga rimu na gurudumu linaweza kujifunga.

Kabla ya kuingia barabarani

Gari likiwa bado limesimama, pampu pedeli hadi iwe ngumu. Pistoni ulizorudisha ndani ziko mbali na diski, na mkanyago wa kwanza utazama hadi sakafuni. Watu wamegonga ukuta wa nyumba zao kwa kusahau hatua hii moja. Washa injini ukiwa umekanyaga. Pedeli itashuka kidogo kisha itulie. Tembeza gari kwa mwendo wa mtu anayetembea, kanyaga, rudia mara kadhaa. Brekipedi mpya zizoeze kwa kupunguza mwendo mara kwa mara kutoka mwendo wa wastani, ukiziacha zipoe katikati, bila kusimama kwa ghafla.

Asubuhi ya pili, kabla ya kuwasha gari, angalia nyuma ya kila gurudumu ulilolifungua kama kuna unyevu, tazama kiwango cha mkebe, kaza nati za gurudumu tena kwa kipimo. Kisha rudia ile safari fupi ya mwanzo na usogeze kiganja karibu na rimu, kushoto na kulia.